Hodi Hemani

Asubuhi ile maofisa wa afya walipita katika bustani ya jiji walimopiga kambi waliokosa makazi, hema kwa hema, wakiwatafuta wenye kikohozi ili wawapeleke karantini. Wengi waliochukuliwa siku za nyuma hawakuwa wamerudi. Hema lisiloitika walilipita, wakidhani mwenyewe ameenda kibaruani.

"Ukisikia viatu, shoga, jifanye maiti," Zaituni wa hema la jirani alikuwa amemwonya Mwanakombo.

Mwanakombo alimlaza binti yake mapajani na kumfunika kinywa kwa upindo wa kanga, kikohozi kisisikike. Mtoto alikuwa akichemka kwa homa. Viatu vikakaribia, vikasimama.

"Hodi, wenyewe," mwanamume akaita kwa upole, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Tangu afukuzwe katika chumba alichopanga, hakuna mtu aliyewahi kumpigia Mwanakombo hodi.

"Karibu," akaitika.

Akajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Zipu ya hema ikafunguliwa polepole. Ofisa mwenye barakoa na glavu akainama, akavua viatu vyake, akaviacha nje ya mkeka. Mwanakombo akajikuta anasogeza sufuria, ili mgeni apate mahali pa kukaa.