Teke la Kibe

Je, umewahi kumjua mtu kwa teke lake?

Mama Wakonyo alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, shuka begani, akisikiliza. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona vivuli tu. Pale uani, kivuli chenye koti refu la mvua na helmeti kilikuwa kikipigana na pikipiki.

Teke. Kimya. Teke tena. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza.

"La tano hilo," mama akasema.

Kivuli hakikujibu. Tangu mama arudi kutoka hospitali ya Kitale, wiki sita sasa, hakikuwa kimemjibu hata asubuhi moja. Naye aliyakumbuka maneno yake mwenyewe. Pikipiki hiyo kuukuu, iliyoachwa na mzungu wa shamba, ndiyo iliyomvunja mguu marehemu mume wake. "Iuze," alimwambia mwanawe, Kibe. "Ukiipanda tena, usinisemeshe." Kibe akaipanda.

Halafu mama akalazwa kwa ugonjwa wa moyo, mwezi mzima, na Kibe hakuja kumwona. Wakiuru, mke wa Kibe, ndiye aliyeleta uji kila siku. "Amekwenda Bungoma kutafuta plagi ya pikipiki," alisema, huku ameinama akifunga thamosi. Daktari alikuwa ameonya mama asipate mshtuko wowote.

Sasa kulikuwa na neno alilotaka kulisema kabla pikipiki haijatoka getini. Kila asubuhi aliliahirisha hadi kesho yake.

Jirani yao, Jepkosgei, akaingia na chupa ya maziwa.

"Pole, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya... ya miguu."

"Miguu yangu ni mizima. Wakiuru yuko wapi asubuhi yote hii?"

"Si yuko zizini, anakamua."

"Ati anakamua! Na hayo unayotuletea ni ya nani, ya paka?"

Jepkosgei akaweka chupa chini, akaondoka bila kuaga.

Teke la sita. Buti ikateleza, kivuli kikajishika goti.

"Ngoja," mama akasema taratibu, kama anayemfundisha mtu kusonga ugali. "Unaharakisha. Baba Kibe alifundisha kuiwasha hapa hapa uani, mimi nikiosha sufuria. Fungua petroli kwanza. Haya, kile kidude cha kabureta, kifinye mpaka kidole kilowe. Umeinusa? Usipige sasa. Sukuma kiki, hicho chuma cha kukanyagia, polepole, polepole, mpaka ikatae. Ikishakataa, ipitishe kidogo tu, uiache irudi juu."

Buti zikaburuzwa kwenye changarawe. Zilikuwa kubwa, mama alisikia miguu ikicheza ndani yake.

"Sasa simama juu yake na uzito wako wote. Teke moja. Na usilipige kwa hasira, chuma hakijui hasira yako."

Teke.

Pikipiki ikanguruma. Mabati ya jikoni yakatetemeka, kuku wakatawanyika hadi kwenye mahindi. Kivuli kikabaki kimesimama, kama kisichoamini.

Mama akainuka. Akapapasa hewa, hatua moja, hatua mbili, mpaka akaupata mkono ulioshika usukani. Akaufunika kwa kiganja chake.

"Kibe alikuwa anapiga moja tu, kila siku," akasema. "Zima, Wakiuru. Umechoka, mwanangu. Nipeleke mahali mlipomzika."