Samaki wa Maji Moto

Mzee Wabwile alipanda juu ya kreti ya soda katikati ya soko la Misikhu, akatangaza kwamba kuna mtu wa kijiji cha Matulo ameota nywele ulimini kwa kula samaki wa bwawa la kiwanda. Mtu huyo hakumtaja jina. Angemtajaje, na hayupo? Soko lililopita ilikuwa ng'ombe aliyekunywa maji yale akazaa ndama asiye na macho, na ndama naye hakuna aliyemwona.

Ndivyo alivyokuwa mzee yule, mdomo hauna breki. Kila siku ya soko alikuja na uzushi mpya, na watu wazima wenye akili zao na kura zao walimsikiliza wakitikisa vichwa.

Viola alisimama nyuma ya mafungu ya sukuma wiki, akimdharau. Wabwile alikuwa baba wa marehemu mumewe. Hawakuwa wakipeana mkono wala kuketi pamoja, na mzee hakuwahi kukanyaga mlango wake. Wakikutana njiani aliingia kwenye mahindi ya watu mpaka Viola apite. Hilo halikumuuma, kwa mila ya Wabukusu mkwe ni mkwe, huheshimiwa kwa kuepukwa. Kilichomuuma ni mzee mzima kumharibia riziki mjane wa mwanawe mwenyewe.

Maana samaki wale ndio waliomlisha. Kiwanda kile kilichoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, na maji ya bwawa yalipoza mitambo. Yaliporudi bwawani yalikuwa na uvuguvugu, na humo tilapia walinenepa wakawa wapana kama kandambili. Matulo nzima haikuwagusa kwa hofu. Alfajiri Barasa, soja aliyelinda kiwanda, alimfungulia Viola lango dogo la nyuma, naye akatupa wavu wake, akapeleka karai lake Kitale kwa Sharifo, mwenye hoteli karibu na msikiti. Barasa hakuwahi kudai hata mkia. Viola aliona ni huruma tu. Karo ya bintiye, Judy, ilitoka kwenye magamba yale, na hapakuwa na mahali pengine pa kuitoa.

Kisha mdomo wa Wabwile ukafika Kitale. Sharifo alimwambia Viola bila kumzungusha kwamba hapokei tena samaki hao mpaka mtu anayejua aseme ni salama. Ana wateja, na wateja wana masikio. Viola hakulia. Aliwafunga samaki kwenye barafu, akachukua na chupa ya maji ya bwawa, akavipeleka maabara mjini humo.

Nyaruai, aliyewapima, alimpigia simu siku ya soko. Viola angeweza kusikiliza kando, akamfikishia Sharifo habari, mambo yakaisha kimya kimya. Lakini mzee alikuwa tayari juu ya kreti, akieleza jinsi samaki wale wanavyotokoseka wakiwa hai, na dharau ikampanda Viola kichwani. Akafungua sauti ya simu yote, akaiinua mbele ya umati, akamwomba Nyaruai arudie.

"Hao samaki wako sawa," Nyaruai alisema. "Maji inapoza mabomba tu, haiguzi dawa yoyote. Tumepima madini, tumepima mafuta, hakuna kitu. Toa matumbo, pika iive, kula."

Viola hakumwelekea mkwe wake, kwa sababu haifai. Aliwaelekea watu. "Basi mwambieni mzee wetu ashuke," akasema.

Soko lilicheka. Wabwile akamtazama Viola usoni, jambo ambalo mkwe hafanyi, kisha akashuka na kuondoka, kofia ameisahau juu ya kreti. Viola alirudi nyumbani akiimba, na hakuona haya kusema kwamba ilikuwa raha tupu.

Kesho yake, jua halijapanda, Matulo nzima ilikuwa bwawani. Wale wale waliokuwa wakitema mate wakisikia neno samaki walikuja na vyandarua, ndoo, hata shuka za vitanda, wakakanyagana matopeni kama hawajawahi kula. Meneja wa kiwanda, Muchiri, ambaye siku zote aliamini bwawa lake lina vyura tu, alitoka ofisini kuuliza kelele ni za nini. Akaona mwenyewe. Wiki haikuisha, ua wa nyaya ukazunguka bwawa lote, na gari la kiwanda likaanza kupeleka samaki kwenye mahoteli ya Bungoma. Wakaletwa walinzi wapya kutoka upande wa mlimani, Kipsang na wenzake, waliochaguliwa makusudi kwa sababu kwao samaki ni mdudu tu, hawezi kuwashawishi.

Barasa alifutwa kazi. Jioni alipita kwa Viola kuaga, akamkuta ameketi kando ya karai tupu, Judy amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye anamlaani Wabwile. Kama si mdomo wa yule mzee, alisema, asingeenda maabara hata siku moja, na leo angekuwa na samaki wake. Alisema ni mtu mbaya, na mbaya zaidi ni mjinga. Barasa alimwacha amalize.

"Mama Judy, kwani wewe ulidhani nilikuwa nakufungulia kwa nini?" akamuuliza. "Ile wiki tulizika bwana yako, mzee alikuja pale geti akaniambia, 'Huyo bibi ya kijana yangu mfungulie, mimi siwezi ingia kwake kumsaidia. Hawa wengine wote niachie, nitawafukuza na mdomo.'"