Processeur ya Pili

"Papa Mwalimu, tuweke Familiale ao Professionnelle?" Faustin aliuliza, kidole kikiwa juu ya kibodi.

Kanyamibwa alivua miwani, akaipangusa polepole kama mtu ambaye jibu analo tayari.

Kompyuta ilikuwa mpya kwake, ingawa kwingineko ilishazeeka: sanduku kubwa la chuma lenye processeur mbili, yaani bongo zake za hesabu, kila moja na mioyo mingi ndani, ndivyo mafundi wanavyosema. Faustin, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka pale Sake, aliipandisha hadi Mushaki kwa pikipiki. Sasa alikuwa akieleza kwa mara nyingine matoleo mawili ya programu ya kuiendesha: Familiale inatambua processeur moja tu, ya pili italala. Professionnelle inaamsha zote mbili. Ila Professionnelle ina bei yake, na Mwalimu alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja.

Mbuzi huyo alifungwa nje, karibu na dirisha, akisikiliza.

Kanyamibwa alimaliza shule ya usiku akiwa na mvi tayari. Tangu siku hiyo alijiita informaticien, mtaalamu wa kompyuta, na Mushaki nzima ikamwita hivyo, hasa akiwa karibu. Parokia ilimpa chumba na umeme wa turbine yake kwa sharti moja: darasa likikosa wanafunzi, chumba kinakwenda kwa kwaya. Kwaya ilishakuja kujaribu mwangwi wa kuta.

Lakini wanafunzi hawakukosekana. Majira ya mvua, jua lilipoisahau milima ya Masisi na kila nguo ikanuka moshi wa jikoni, akina mama walijaa hadi mlangoni, kila mmoja na mfuko wake. Hawakuandika sana. Ila walikuwa wadadisi! Somo likiwa katikati, mmoja alisimama: "Papa Mwalimu, niende kuangalia processeur?" Akaingia nyuma ya pazia, akarudi ametosheka. Pazia lenyewe walilishona wao, ili mashine isipate vumbi. Siku walipomkabidhi, Mwalimu alitoa hotuba ndefu juu ya heshima ya sayansi. Yeye hakuingia kule somo likiendelea. Mwalimu hawapi wanafunzi mgongo.

Kisha mashine ya zamani ikafa. Somo likaendelea kwa ubao na chaki, na mbele yake wakabaki Mama Emérita na mzee mmoja aliyekuja kujikinga mvua.

"Tangu mashine ilikufa," Emérita alimwambia, "batoto yetu, directeur ya masomo anabarudisha tu ku nyumba."

Mwalimu alielewa papo hapo: mzazi akikosa elimu, mtoto naye hukwama. Kesho yake akauza mbuzi wote ili apate mashine nyingine, isipokuwa huyu wa dirishani.

Leo darasa lilikuwa limejaa tena, na kila jicho lilikuwa kwenye kidole cha Faustin.

"Familiale inatosha," Kanyamibwa alisema hatimaye. "Ninyi munajifunza kuandika barua tu. Processeur moja..."

Makelele yakazuka.

"Hapana, Papa! Zote mbili!"

"Moja itachelewa," alisema Wivine, ambaye alikuwa na mfuko mkubwa kuliko wote. "Mi niko na batoto tano ku masomo!"

"Itachelewa kufanya nini, Mama?" Faustin akauliza.

Akina mama wakatazamana.

"Hesabu," Emérita akasema. "Ile hesabu murefu Papa Mwalimu anaipaga."

Hesabu ile Kanyamibwa aliiwasha mwanzoni mwa kila somo, kuonyesha nguvu ya mashine, nayo ikaendelea hadi mwisho, feni zikinguruma. Alidhani hakuna aliyeijali. Kumbe wakulima wa Mushaki walikuwa tayari kugombana kwa ajili ya mioyo ya processeur! Alitazama dirishani. Mbuzi naye alimtazama.

"Professionnelle," alisema.

Kazi ilipokwisha, mbuzi alishuka kwenda Sake juu ya pikipiki, akilalamika kila kona. Sanduku likawekwa nyuma ya pazia, Mwalimu akaipa mashine hesabu yake, na processeur zote mbili zikanguruma kama lori linalopanda mlima. Alifundisha siku ile kama hajawahi kufundisha. Alizungumza juu ya nguvu ya akili, juu ya Afrika ya kesho, na kidogo juu ya nafsi yake. Akina mama waliingia nyuma ya pazia wawili wawili, na hakuna aliyetoka bila kutabasamu.

Mwishoni alishindwa kujizuia. Kanuni au si kanuni, alitaka kuiona kwa macho yake processeur ya pili iliyomgharimu mbuzi wa mwisho. Akaliacha darasa, akavuta pazia.

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka msumari hadi msumari. Juu yake, nyuma kabisa ya sanduku, mashati meupe na sketi za bluu za watoto wa shule vilikuwa vikipepea na kukauka katika upepo wa moto wa feni.

Emérita, aliyemfuata, alibana shingo ya shati moja kwa vidole, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Papa Mwalimu, ulichagua muzuri. Familiale ingebakisha kola mubichi."