Ufa wa Meza ya Marumaru

Fundi Shaweji aliitwa kung'arisha meza ya marumaru iliyopasuka ukingoni.

"Sufuria iliangukia hapo," alisema Mkadamu, mwenye nyumba. "Wakwe zangu wanafika adhuhuri. Wasikute hata alama."

Mkewe, Raziki, alisimama kando, jeraha bichi kwenye paji la uso.

Shaweji alimwaga maji, akasugua. Meza ikaanza kung'aa, lakini ndani ya ufa mlibaki wekundu ambao jiwe lilikuwa limekwisha kuunywa. Haukuwa mchuzi. Akainua macho, akalitazama jeraha la Raziki.

Mkadamu alipotoka kwenda uani, fundi akanong'ona, "Mama, niuondoe?"

Raziki akatikisa kichwa. "Uache, baba. Nimesema kwa mdomo miaka yote, kwetu hawakuniamini. Leo baba yangu auone."

Mkadamu aliporudi alifoka, "Mbona hujamaliza?"

"Jiwe limekataa, bwana," alijibu Shaweji.

Mkadamu akamtupia jicho, kisha akavuta kitambaa cheupe kabatini, akakitandika juu ya meza haraka haraka. Papo hapo sauti ya mzee ikabisha hodi mlangoni.

"Karibu, baba!" aliitikia Raziki, na vidole vyake vikashika pindo la kitambaa.