Nipe Mji

Siku hizi mvua ya mawe haizuiliki, husogezwa tu. Mnara wa kuongozea mawingu hapa Njombe husikiliza vinywa vyetu: ukimpa mtu pahali pako kwa sauti yako, yeye ndiye huamua kama mawe yashukie hapo.

Mwaka jana Mgaya, muuza vioo, alipiga hodi kwenye kitalu changu cha miche, chenye paa la vioo. Nami kwa mazoea nikasema, "Karibu, baba, hapa ni kwako." Mnara ukasikia. Mawe yaliyokuwa yakielekea dukani kwake akayaleta kwangu, hakikubaki kioo wala mche. Kesho yake akaja kuniuzia vioo vipya, anacheka.

Juzi wingu jeusi lilipotanda, nikamfuata dukani na chupa yangu ya chai.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Jiwe lilinipiga, nilipolikamata likalia machozi."

"Mtoto mtukutu!"

"Wapi!"

"Basi mke wangu!"

"Umeshindwa. Nipe mji."

Akacheka, akapiga kaunta. "Chukua hapa hapa dukani!"

"Nimekwenda dukani kwa Mgaya," nikasema, "nikakuta vioo vingi. Jibu ni mvua ya mawe. Na ishukie hapa."

Kicheko kikamkauka. Nilivuka barabara, nikanywa chai yangu mpaka kioo cha mwisho kilipovunjika. Ilikuwa tamu, sikufichi.

Jioni nikamtegea mume wangu kitendawili, kama tulivyozoea miaka arobaini. Kikamshinda.

"Nipe mji," nikamwambia.

Akaziba mdomo kwa viganja viwili, akanitazama hivyo hivyo mpaka ugali ukapoa.