Begi la Kishindo

Kwa kauli yake mwenyewe, Sufiani alikuwa na mgongo salama kuliko migongo yote ya Tanga. Tangu ipigwe marufuku kugeuka nyuma barabarani, kila mtu alitembea na mbwa ndani ya begi mgongoni amtazamie nyuma, na wa kwake, Kishindo, hakuwa amebweka mwaka mzima.

“Nyuma yangu hakuna kitu, Bi Tunu,” alitamba dukani. “Nataka begi jipya la kupendezea tu.”

“Wa kukusifia kupendeza umeshampata?” Bi Tunu, muuza mabegi, akamtania huku akimzunguka. Kisha akaguna. “Mwanangu, begi hili kubwa mno. Mbwa amezama mpaka chini, amekunjamana kama nguo za kufua. Huyu hajaiona njia hata siku moja.”

Sufiani akacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Bi Tunu akampima Kishindo kuanzia shingo hadi mkia, akachagua begi lenye kitako kigumu, akamvisha Sufiani na kukaza mikanda hadi vikapita vidole viwili tu. Kichwa cha mbwa kikachomoza juu, kikaelekea mlangoni. Sufiani akasubiri abweke. Badala yake, mkia ukaanza kumpigapiga kiunoni taratibu, kama wa mbwa aliyemwona mtu wa nyumbani.

“Umeona? Kalipenda begi,” Sufiani akasema.

Bi Tunu alikuwa amerudi kwenye meza yake, wanatazamana. Macho yake yakapita juu ya bega la Sufiani, yakatulia huko.

“Si ulisema nyuma yako hakuna kitu?” akauliza polepole. “Mbona huyo aliyesimama mlangoni kavaa shati lako?”