Kikosi cha Kocha Mrisho

Filimbi ililia uani kwa Kocha Mrisho, kule Nkuhungu, na vijana wa timu ya chuo wakainuka mikekani kabla hawajajiuliza wanainukia nini. Mazoea.

Suti ya michezo ilikuwa ileile ya bluu, iliyopauka magotini, na kofia ileile iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Leo suti ilikuwa inabana kiunoni.

"Mmekaa kama wakwe," wakaambiwa. "Nani kawaruhusu?"

Kisha ukaguzi ukaanza, mguu wa kushoto ukiburuzwa, ule ulioumia zamani ukamtoa Kocha Mrisho uwanjani angali kijana na kumfanya mwalimu wa miguu ya wenzake. Golikipa akaambiwa mikono yake imezoea kupokea zawadi, si mpira. Beki wa kati akaulizwa kama bado anamwomba mshambuliaji ruhusa kabla ya kumkaba. Hata mkuu wa chuo, aliyekalia kiti cha plastiki, hakupona: alikumbushwa kwamba aliahidi nyasi tangu vumbi la uwanja likiwa changa, na sasa limezeeka. Mkuu wa chuo akatazama viatu vyake. Siku nyingine angejibu.

Aiman alikuwa amejibanza nyuma, karibu na pipa la maji.

Tangu nusu fainali ya mwaka jana, Kocha Mrisho hakuwahi kulitamka jina lake. Kwenye penalti ya mwisho kocha alimwambia apige kwa nguvu. Aiman akaudokoa mpira kwa madaha, kama anayeonja chumvi ya mboga, na kipa wa wenzao akaudaka kifuani akiwa amesimama palepale. Chuo kikatolewa. Toka hapo kijana alifika mazoezini kila jioni, akaokota mipira, akabeba maji, akaamkia shikamoo, na akajibiwa kwa filimbi. Kombe alishalisahau. Alichotaka ni kuitwa.

"Sasa napanga kikosi. Leo hakuna wa benchi, wote mtaingia, mtapokezana. Nisione mtu anakimbia, nisione mtu anaremba. Na vimo vilingane, msije mkaniaibisha mbele za watu."

Majina yakaanza kutajwa. Golikipa, nyuma kushoto. Beki wa kati, nyuma kulia. Mguu uliendelea kuburuzwa, ila sasa ulikuwa ule wa kulia, na mkuu wa chuo akafunika mdomo kwa leso. Mlangoni, katikati ya wanawake wenzake, Stara, mke wa kocha, alicheka huku akijifuta macho kwa pindo la kanga. Ni yeye aliyenong'ona jina moja mle ndani, kabla filimbi haijalia.

"Mbele kulia." Halafu kimya, cha makusudi kabisa. "Aiman."

Aiman akashika ukingo wa pipa.

"Aiman, au mpaka nikuandikie barua? Mwaka mzima nakutazama unaokota mipira, nangoja uje uniambie nimezidisha. Hukuja. Wewe mkaidi na mimi mkaidi, tumegongana kama mbuzi wawili darajani. Basi, yameisha. Njoo mbele."

Kijana akapita katikati ya wenzake huku machozi yakimtiririka, akasimama alipoambiwa. Timu nzima ya watu wa kutaniana, na hakuna hata mmoja aliyemcheka.

"Shikamoo, kocha," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Ndipo Mzee Ndahani wa Kibakwe, mtani wa marehemu, akavua kofia na suti, akamrudishia Stara filimbi, na vijana wakaingia ndani kulichukua jeneza.